Wanaokufa kwa Adabu

Siku niliyoshuka Tabora, sauti yangu ilikuwa imenitangulia kwa mwaka mzima, na ilikuwa imewaambia Wanyamwezi wengi mno kwamba wao ni wazima, wanywe maji, wapumzike. Walikunywa. Walipumzika. Wengine walikuwa bado wanapumzika, chini ya udongo.

Naitwa Tausi binti Kondo, Mzaramo wa Maneromango. Kabla ya homa ya Kibano, ile inayokaba mapafu, nilikuwa nikinadi sumu ya panya kwa kipaza sauti Kariakoo, na kabla ya hapo nilinadi vitu ambavyo sivitaji kwa kuwa mama yangu bado yupo na masikio yake ni mazima. Dunia imenitandika kila mahali isipokuwa kooni. Basi Wizara ilipotafuta mtu wa kuipa mashine yake sauti, mkubwa mmoja alinisikia nikimwombolezea panya, akasema huyo ndiye. Wakanifungia kwenye chumba chenye magodoro ukutani, nikasema "Habari yako, ndugu?" kwa kila namna ambayo kiumbe anaweza kuisema. Mashine ikaitwa Dada Faraja. Mimi nikarudi kwa panya wangu.

Sasa Wizara ilikuwa imeniita tena. Walisema watu wa bara hawakielewi Kiswahili changu cha Pwani, kinakimbia kama ngoma ya mdundiko, kwa hiyo nije nirekodi upya, polepole. Sikubisha. Aliyepigwa na dunia hakatai safari ya bure.

Kituo kilikuwa katika bohari la zamani la asali, na mpaka siku ile kuta zake zilinukia nta. Uani, ndege nyuki zilikuwa zikipaa bila rubani, moja baada ya nyingine, kila moja imekumbatia mtungi wa oksijeni tumboni. Daktari Nyanzala Kapela alinipokea mlangoni. Mwanamke mrefu, kajifunga kanga juu ya koti jeupe kwa ajili ya baridi ya asubuhi, macho mekundu ya mtu aliyesahau kitanda chake kiko wapi. Ndiye aliyemtengeneza Faraja, kuanzia ukucha hadi utosi.

Nikamwambia mtani wangu, nimekuja kukutoa ushamba.

"Karibu," akasema, uso mkavu kama muhogo wa kuanikwa. "Ulivyochelewa nilidhani umesikia ngoma njiani."

Nikampenda hapohapo. Kwa asiyejua: Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakishuka Pwani na mizigo mabegani na babu zetu wakiwacheka miguu. Mtani humwambii maneno matamu. Ukimwambia maneno matamu atadhani umemfanyia jambo baya.

Hakuniweka kwenye chumba cha kurekodi. Alinikalisha mbele ya spika, akaniambia nisikilize kwanza.

*

Faraja alifanya kazi hivi. Unapiga namba, kwa simu yoyote, hata ile ya kitochi. Faraja anakuamkia, anakuuliza hali, na wakati unajibu anakusikiliza kwa masikio mawili. Sikio la kwanza husikia pumzi: unasema silabi ngapi kabla ya kuvuta hewa, neno linakwaruza wapi, mwisho wa sentensi unashuka au unaanguka. Sikio la pili husikia maneno yenyewe. Kisha anakupa alama, moja hadi kumi. Ukipata saba au zaidi, ndege nyuki inapaa yenyewe, hakuna mkono wa mtu. Ukipata chini ya hapo, unaambiwa unywe maji.

Niliuliza kwa nini ajisumbue na sauti, wakati kuna vile vibanio vya kidoleni. Daktari akanyoosha kidole chake, cheusi na chembamba, akakitazama kama mtu anayemtazama ndugu aliyedhulumiwa. Akanieleza kwamba kibanio hupitisha mwanga kwenye ngozi na kukisia hewa iliyomo ndani ya damu, na kwamba ngozi nyeusi huweza kukilaghai kikasema hewa ipo tele ilhali mtu anazama. Katika ugonjwa uliopita, alipokuwa mwanafunzi wa udaktari ughaibuni, aliona mwanamke mweusi akirudishwa nyumbani kwa furaha na kibanio hicho. Hakusema kilichofuata. Alisema tu kwamba ndiyo siku aliyoapa kutengeneza chombo kisichoona ngozi.

"Sauti haina rangi," akasema. "Niliamini hivyo. Niliwaambia hata mawaziri."

"Na sasa?"

"Sasa sikiliza."

Akabonyeza. Ilikuwa simu ya asubuhi ileile. Mpigaji alikuwa Mzee Luhende, mfuga nyuki wa porini huko upande wa Sikonge, kwa simu ya jirani. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, tamu kama tende, ikimwamkia na kumuuliza habari za asubuhi. Mzee akajibu, nzuri. Akauliza za huko uliko. Mashine ikamuuliza anajisikiaje. Akasema salama. Kisha akauliza watoto hawajambo, mvua imenyesha, kazi inakwendaje, wazee wako wazima, na baada ya kila swali akanyamaza kwa heshima ili ajibiwe. Sauti yangu haikujibu. Ilisema: "Tunakushukuru, ndugu. Hali yako ni nzuri. Kunywa maji, pumzika." Simu ikakatwa katikati ya "na wewe, mwana..."

Alama mbili.

Daktari aliniambia amesikiliza simu za namna hiyo wiki nzima, na ndipo alipoelewa. Kwetu Pwani pia husema salama kwanza, hata nyumba ikiungua, lakini sisi tuna haraka ya kusema, salama haijapoa tumeshafika kwenye moto. Kule Unyamwezini salamu ni nyumba yenye vyumba vingi, na shida hukaa chumba cha mwisho. Faraja alikuwa akiondoka akiwa bado sebuleni. Tena sikio la pumzi lilikosa kazi, kwa kuwa salamu ni vipande vifupi. "Salama" haimalizi mapafu ya mtu, hata anayekufa anaweza kuisema vizuri. Kwa kila mtu wa Pwani aliyefia nyumbani baada ya kupiga simu, huku walikuwa wakifa watatu.

"Wanakufa kwa adabu," nikasema. Nilitaka iwe mzaha. Haikuwa.

Akampigia Mzee Luhende yeye mwenyewe. Nilimwona akikunja goti alipomwamkia, ndani ya bohari, mbele ya ukuta mtupu, kwa sababu baba mtu mzima huamkiwa hivyo hata kama yuko umbali wa kutwa nzima. Alimpitisha chumba baada ya chumba cha salamu, bila haraka, mpaka wakafika mwisho. Akamuuliza kifua. Mzee akasema kifua kipo, mwanangu, tunashukuru. Akamuuliza usingizi. Usingizi upo. Akamwomba, karibu kwa machozi, aseme ukweli. Mzee akacheka kidogo, akasema atawezaje kumtwisha binti wa nyumbani mzigo wa mzee.

Hapo nikaelewa kitu ambacho hata daktari alikuwa bado hajakiona. Adabu iliyokuwa ikimuua mzee ndiyo hiyohiyo aliyokuwa akimpa.

Nikanyakua simu.

"Wewe mpagazi," nikasema. "Mbona unahema kama umebeba pembe za ndovu? Msafara ulikwisha zamani, au hukuambiwa?"

Daktari aliniangalia kama nimemmwagia mzee maji. Kisha simuni:

"Nani huyo?"

"Mzaramo, bwana wako."

"Aa. Mtumwa wangu." Sauti ilikuwa imebadilika, imesimama wima. "Nyinyi si ndio mnaocheza ngoma mpaka nguruwe... nguruwe wanaingia shambani wanakula... wanakula mihogo na nyinyi bado mna..."

Tusi halikatiki vizuri katikati. Salamu unaweza kuigawa vipande, lakini tusi la mtani lina mkia, na utamu uko mkiani, lazima ufike. Mzee Luhende alijaribu kufika. Tulimsikia akivuta hewa kama anayevuta kamba ya kisima kirefu, tukasikia kifua kikilia, na Faraja, aliyekuwa kimya kwenye laini, akasikia pia. Kwenye kioo cha mashine namba ikapanda: nne, saba, tisa.

"Mtani," mzee akasema taratibu. "Nakufa. Ila usije kwenye msiba wangu, utaiba asali."

Uani, ndege nyuki ikawasha mabawa.

*

Mkurugenzi wa Oksijeni, Mama Eliwaza Mcharo, alitokea kwenye kioo cha ukutani kutoka Dodoma kabla hata ndege haijatoweka machoni; kwake alama ilikuwa imeruka kutoka mbili hadi tisa. Hakuwa mtu mbaya, na ninasema hivyo kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya. Alikuwa amezika dada zake wawili. Alisikiliza simu ya Luhende, akasikiliza maelezo ya daktari, akaafiki kwa kichwa, na jibu lake lilikuwa tayari.

"Daktari, Faraja tayari anajua. Anaitambua lafudhi kabla mtu hajamaliza kusema haloo. Kubali tu, tuwaongezee Wanyamwezi alama tatu. Kabla ya adhuhuri mitungi itakuwa angani."

Mimi nilisema awaongezee hata nne. Sikuona kosa. Hesabu ilikuwa imewanyima, hesabu iwarudishie.

Daktari Nyanzala alikaa kwenye kreti ya asali, akafunika uso kwa viganja.

Mfahamu tulivyolelewa. Katika nchi yetu, mtu akikuuliza kabila ofisini, unaanza kutazama mlango ulipo. Hata anayehesabu watu nyumba kwa nyumba hakuulizi. Kabila tunalitaja kwa sauti msibani, harusini, na kwenye utani, yaani mahali ambapo halina meno. Na Mkurugenzi, kwa nia njema kabisa, alikuwa akiomba mashine ya taifa zima isikilize koo la mtu, iamue ni la nani, kisha impimie hewa.

"Ikishajua haitasahau," daktari akasema hatimaye. "Leo tunawaongezea. Kesho atakaa mwingine kwenye kiti chako, atataka kuwapunguzia wale asiowapenda, na kazi yote nitakuwa nimeshamfanyia mimi."

"Na wanaokufa leo utawaambia nini?"

"Sina la kuwaambia," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma."

Nimewahi kuona watu wakibisha na wakubwa. Wengi hubisha kwa sababu wana uhakika. Yule hakuwa na uhakika hata kidogo, na bado hakusogea. Nilipokuwa Kariakoo niliwahi kupigwa virungu na mgambo nikaona mimi ni shujaa. Siku ile niliuona ushujaa wa kukaa chini.

Kisha akainuka, akaenda kwenye meza yake, na akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyemwomba. Alimnyang'anya Faraja neno "hapana." Alieleza huku vidole vikikimbia: mashine itabaki na uwezo wa kusema ndiyo. Ikisikia kifua kinazama, itume ndege kama kawaida. Lakini ikitaka kumwambia mtu kwamba ni mzima, haitaruhusiwa. Itauliza swali moja tu, mtani wako nani, na mpigaji akipenda kujibu, itampeleka kwa mtani huyo, mtu mwenye nyama na ulimi. Asiyetaka kujibu asijibu, na majibu yasiwekwe popote.

Mkurugenzi aliuliza hao watu wenye ulimi atawatoa wapi, na wapigaji ni maelfu.

Daktari akanigeukia. Nyuso zote mbili, ya bohari na ya kioo, zikawa kwangu. Nikasema Mkurugenzi, umewahi kuona Mzaramo akikataa nafasi ya kumtukana Mnyamwezi bure?

Mama Mcharo hakucheka. Akatoa masharti yake: mpaka jua litue. Akibaki mpigaji mmoja aliyeambiwa ni mzima kumbe si mzima, au aliyekata simu kwa kukosa mtu wa kumsikiliza, atawasha lafudhi mwenyewe, ana mamlaka hayo. Na hakuzima kioo. Alikaa akitutazama.

*

Nilipanda redioni kwa sauti ileile ambayo nchi nzima iliijua, ila mara hii sikuongea kwa utamu wa tende. Nikasema Wazaramo wenzangu, watani zetu wanakufa na hawataki kutuambia, hivi huo si ubinafsi? Nani ana simu na mdomo? Hazikupita dakika nyingi simu zikaanza kutoka Kisarawe, Mzenga, Kigamboni, Chole Samvula. Walijitokeza mabibi ambao wajukuu wao walikuwa wakiwaziba midomo miaka nenda rudi. Muuza mihogo mmoja aliomba kama anaweza kuanza kabla hajapewa mgonjwa. Na waliokuwa Tabora mjini, Wazaramo, kisha Wangoni, Wazigua, kila aliyekuwa na ukoo wa kutukanana na mtu, wakaja wenyewe bohari, tukawapa meza na simu.

Mchana ule bohari lilijaa matusi kama mzinga ulivyojaa nyuki. Mama mmoja wa Urambo alitukanwa miguu, akaanza kujibu, akakwama kwenye neno la tatu, ndege ikapaa. Kijana wa Nzega alijibu kwa tusi refu lililokwenda likarudi, likapita kwa shangazi wa mtukanaji na kumalizika kwa kuku wake, bila kuvuta pumzi hata mara moja. Mtani wake akamwambia wewe huna ugonjwa, una ukosefu wa kazi, kunywa maji. Daktari Nyanzala alipita katikati ya meza akisikiliza hapa, akisahihisha pale. Aliwafundisha wasikae kwenye salamu, wapige moja kwa moja. Na mgonjwa akikwama wasimcheke, wamsubiri. Faraja alisikiliza pamoja nao, akijifunza pumzi ya tusi inavyokwenda, na hakuna aliyemwambia ni tusi la nani.

Sikumsikia daktari akimtukana mtu. Mimi alinirudishia nilipomchokoza, kwa kuwa nilikuwa mtani wake na ilikuwa haki yangu. Wengine wote, hata dereva wa kuleta mitungi, aliwaita baba.

Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea magharibi, simu moja ya mezani ilipowaka taa na haikuzimika. Binti wa Kizaramo aliyepokea alitugeukia, mkono kwenye spika ya masikioni. Alisema kuna mzee hapa ameulizwa mtani wake nani, anasema hana.

Daktari akachukua simu, tukasikia wote.

"Sina, mama," mzee alikuwa akisema kwa upole. "Sisi Wahindi hatuna watani. Msijisumbue. Mimi salama tu. Wapeni wengine."

Nyanzala aliniambia kwa mdomo bila sauti: Mzee Hirji. Duka la sukari na nguo karibu na stesheni. Alizaliwa hapa, na baba yake alizaliwa hapa, na nusu ya watoto wa mji walivaa sare za shule alizozikata yeye. Kwenye kioo, Mama Mcharo aliinuka kidogo kwenye kiti, mkono ukisogea kwenye kitufe cha lafudhi. Kila mtu pale alijua kilichokuwa kikitokea. Huyu asingesaidiwa na lafudhi ya Kinyamwezi, wala na utani wetu. Alikuwa amesimama nje ya milango yote miwili, akituaga kwa adabu.

"Basi nakata, mama. Mungu awabariki."

Kumtukana mtu ambaye si mtani wako, tena mzee, tena aliyekuvisha utotoni, si mzaha. Kwa Wanyamwezi ni jambo la kulipia faini ya mbuzi. Daktari Nyanzala Kapela alifumba macho. Midomo yake ilijaribu, ikafungwa, ikajaribu tena.

"Mzee Hirji," akasema. "Hata pumzi unaipima kama ulivyokuwa ukipima sukari? Kila mara lazima ipungue?"

Lilikuwa tusi la mtu asiyejua kutukana, na mwisho wake alikaribia kuongeza samahani, nikamfinya.

Simuni, pumzi. Kisha kitu kama kicheko kilichokanyagwa.

"Nani huyo?"

"Nyanzala. Binti Kapela. Kuanzia leo mimi ni mtani wako."

"Binti Kapela." Akavuta hewa, ndefu, yenye mlio. "Baba yako... baba yako alikuwa akija... dukani kwangu... anaonja..."

Hakufika mbali. Namba kwenye kioo ilipanda bila kusimama, na uani ndege nyuki ya mwisho yenye mtungi ikainuka, ikapinda kuelekea stesheni. Mkurugenzi akarudi kukaa, akaondoa mkono wake kwenye kitufe, na hakuuliza lolote kuhusu lafudhi, siku ile wala baadaye.

"Anaonja nini, mzee?" daktari akauliza. Alikuwa amekaa sakafuni sasa, simu sikioni, magoti kifuani. "Usinyamaze. Kijana wako wa dukani atakufunga barakoa, vuta taratibu. Mimi siendi popote. Hilo tusi ni langu na nalitaka lote."

Tukangoja. Tulisikia mlango, tukasikia mtu akihangaika na mpira wa mtungi, tukasikia hewa ikianza kupuliza. Wengine walianza kufunga meza zao na hakuna aliyeondoka. Ilipita muda mrefu. Daktari hakumharakisha.

Halafu Mzee Hirji akakohoa, akasafisha koo, na akalisema. Lilimhusu marehemu Kapela, pipa la asali, na kidole chake, na lilikuwa baya kuliko yote tuliyoyasikia siku ile, na alilisema kuanzia mwanzo hadi mkiani kwa pumzi moja.